Mtoto Hachezi

Oresta Mgaya hakusema kamwene wala habari za asubuhi. Aliingia chumba cha Sikio akiwa amekumbatia mpira mpya wa miguu juu ya tumbo lake la miezi saba, akautupa mezani kwa Agripina. Mpira ulidunda, ukaangusha kikombe cha chai, ukaenda kujificha chini ya kabati la mikanda.

"Hebu nieleze, dada," alisema. "Huyu wangu nimpe mpira aingie nao wapi?"

Agripina Mhema alikuwa mkaguzi wa maneno wa kituo cha afya cha Kilolelo, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba Sikio, mashine iliyowasikiliza wagonjwa wa kanda nzima kwa simu, limesikia walichosema watu na si kingine. Kazi hiyo aliifanya kwa miguu. Alikaa kwenye kiti kirefu alichoundiwa na seremala, miguu yake isiyokunjika magotini imenyooshwa juu ya meza fupi, vidole vikitembea juu ya vitufe kwa kasi iliyowafanya wageni wasahau walichofuata. Mikono ilining'inia ubavuni, viwiko vimenyooka, viganja vimegeukia nyuma kama vya mtu anayepokea kitu kwa siri. Alizaliwa hivyo, na alikwisha choka kuulizwa ilikuwaje.

Chai ilimtiririkia miguuni. Alitaka kukasirika, lakini akaona mwenzake amemtangulia mbali sana kwenye hasira, akaacha. Alimwomba akae, aanze mwanzo.

Mwanzo wenyewe ulikuwa wiki saba nyuma. Kila Jumatatu Sikio liliwapigia simu wajawazito wote wa kanda, likawauliza habari kwa sauti ya upole, likawaacha wazungumze wapendavyo. Kisha liliyagawa maneno yao kwenye mafungu. Fungu la damu na fungu la homa yalikwenda kwa muuguzi papo hapo. Mengine, kama chakula, usingizi na malezi, yalijibiwa kwa ushauri ulioandikwa tayari. Tangu Sikio lisimikwe Kilolelo, wauguzi walikuwa wamepunguzwa kutoka wanane hadi wawili, na watu wa makao makuu walijisifu kwamba sasa kila mama anasikilizwa.

Oresta alikuwa amesema neno lilelile kila Jumatatu. Wiki ya kwanza alijibiwa kwamba ampe mtoto nafasi ya kujumuika na wenzake. Wiki ya tatu aliambiwa asimpige wala kumfokea. Ya tano, mshauri wa watoto alimpigia kumuuliza kama mtoto ana marafiki, na Oresta akadhani ni matapeli, akakata simu. Jana kindege cha kituo kisicho na rubani kilitua uani kwake kikaacha mpira na kadi: Hongera mama, mtoto anayecheza ni mtoto mwenye afya.

"Uliliambia nini hasa?" Agripina aliuliza. "Nisemee kama ulivyosema."

"Nimesema mtoto hachezi. Mtoto hachezi, basi. Lugha gani tena wanaitaka?"

Vidole vya Agripina vilisimama. Sentensi hiyo aliifahamu. Alikuwa ameisikia mara nyingi kuliko jina lake, lakini hii ilikuwa mara ya kwanza kuisikia ikiwa na tumbo mbele yake. Alihisi baridi, na haikuwa baridi ya Julai, ambayo watu wa nyanda za juu wamezaliwa nayo.

Alifungua jalada. Wiki ya ishirini na moja, mtoto hachezi. Ya ishirini na mbili, hachezi. Ilikwenda hivyo hadi ya ishirini na saba, na kila mara Sikio lilikuwa limeiweka kwenye fungu la Malezi, kifungu cha tabia za watoto. Hata halikuona ajabu, kwa kuwa Oresta alimlea Tulizo, binti wa miaka minne aliyeachwa na marehemu dada yake, na jina la Tulizo lilikuwamo kwenye orodha ya watu wa nyumbani. Sikio lilisikia mtoto, likatafuta mtoto, likampata. Huyo mwingine aliyekuwa kimya tumboni halikumtafuta.

"Tulizo anacheza," Oresta alisema, alipoona jina hilo kwenye kioo cha mashine. "Tulizo anacheza mpaka anakera."

* * *

Daktari Mwalongo alipitisha kipimo juu ya tumbo, na Agripina akasimama kando ya kitanda kwa kuwa Oresta alimkataza kuondoka. Mtoto alionekana vizuri. Moyo ulikuwa unapiga kama inavyotakiwa. Lakini mikono ilikuwa imenyooka ubavuni, viganja vimepinda kwenye vifundo, nyayo zimegeukia ndani. Daktari alibonyeza tumbo mara tatu ili kumwamsha. Kilichosogea ni maji tu.

Agripina hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa anatazama picha yake mwenyewe, ambayo hakuna aliyewahi kuipiga.

Madaktari wana jina refu la Kigiriki kwa hali hiyo, nalo maana yake ni viungo vilivyopinda. Si ugonjwa mmoja. Ni mwisho mmoja unaofikiwa kwa visababishi mamia, na mara nyingi hakuna aliyerithi chochote kwa yeyote. Kiungo cha mtoto hujifunza kukunjika kwa kukunjwa. Mtoto akitulia mno tumboni, iwe ni kwa sababu misuli haikuumbika sawasawa, au mishipa ya fahamu haipeleki habari, au nafasi ni finyu, basi viungo hukaza palepale vilipo na nyama ngumu huvizingira. Baada ya kuzaliwa hali haizidi kuwa mbaya, wala haigusi akili. Ila mtoto anakuja duniani akiwa tayari amekazwa.

Ndiyo maana mikanda ilibuniwa. Ilikuwa kitambaa cha kijivu kilichoshonewa vidude vya mtetemo, ambacho mama hukivaa kwa saa sita kila siku. Vidude hupiga mdundo mwepesi, mtoto hushtuka, hurusha mguu, na kiungo kikapata somo lake. Haikuwafaa wote, lakini wengi iliwafaa, mradi ivaliwe kabla ya wiki ya ishirini na sita. Baada ya hapo mifupa ya mtoto aliyekaa kimya huwa myembamba, na mtetemo unaweza kuivunja. Mikanda minne ilikuwa kwenye kabati lile lile ambalo mpira ulijificha chini yake, na miwili kati ya hiyo haijawahi kutolewa kwenye mfuko.

Daktari alimweleza Oresta kuhusu viungo. Alimweleza taratibu, kwa maneno mazuri, akitumia kidole chake kuonyesha jinsi kinavyokunjika na jinsi kinavyokataa. Kuhusu wiki ya ishirini na sita hakusema kitu. Agripina alimtazama, naye akatazama dirisha.

* * *

Kila sentensi iliyofunzwa kwenye Sikio ilikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na mtu aliyeipa fungu. Wakaguzi waliruhusiwa kufuata nyayo hizo. Agripina alizifuata huku akiwa na hasira safi ya mtu anayejua kwamba punde atampata wa kumlaumu. Alikuwa ameshaanza kumtunga kichwani, kijana fulani wa kiume wa mjini, asiyewahi kukaa karibu na mwanamke mjamzito isipokuwa ndani ya basi.

Namba ya sentensi ilikuwa 4107. Namba ya mtu aliyeipa fungu ilikuwa yake.

Aliisoma tena. Kisha aliizima mashine, akaiwasha, kama watu wanavyofanya wakiwa hawataki kuamini. Namba ilikuwa yake bado.

Alikumbuka ukumbi. Miaka sita nyuma walikuwa vijana arobaini, na sentensi zilikuja moja moja kwenye kioo, zimekatwa kutoka kwenye mazungumzo ya watu, hazina kichwa wala mkia. Unapewa pumzi mbili tatu, unachagua fungu, inakuja nyingine. Yeye kwa miguu aliwashinda wenye mikono. Sentensi elfu kumi na mbili katika miezi minne, na mwishoni cheti, kitu cha kwanza chenye jina lake ambacho hakikuwa na neno mlemavu popote. Mama yake alikitundika ukutani juu ya redio, na kila mgeni aliyekuja kumwona kwa ugonjwa wake wa mwisho alilazimishwa kukisoma.

Mtoto hachezi. Pumzi mbili tatu. Kwa nini angefikiri zaidi? Sentensi hiyo alikua nayo. Huyu mtoto hachezi, mama yake aliwaambia wageni, na Agripina alikuwa palepale mkekani, miguu yote miwili imefungwa lile plasta gumu watu wanaloliita hogo, akiwatazama wenzake wakikimbizana hadi mpaka wa shamba la viazi. Daktari wa mjini alimkunjua nyayo kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, akabadilisha hogo mara tisa. Wakati huo wote mtoto hakucheza. Kwake sentensi hiyo ilikuwa na maana moja, na maana hiyo ilikuwa yeye.

Maana ya pili hakuijua. Mwanamke yeyote wa Kilolelo mwenye miaka ishirini na nane, kama aliyokuwa nayo yeye wakati ule, angeijua. Wanaifahamu jikoni, kwenye foleni ya maji, saluni, pale wanawake wanapoulizana kwa sauti ya chini: anacheza? Anacheza, shoga, usiku hanipi usingizi. Lakini Agripina alipofika kwenye foleni, mazungumzo hayo yaligeuka yakawa ya mvua. Hawakufanya kwa ubaya. Walikwisha amua, bila kumuuliza, kwamba mambo ya mimba hayamhusu na huenda yatamwumiza, wakamwonea huruma wakanyamaza. Na yeye akaenda ukumbini na huruma yao, akaifundisha mashine.

Alimpelekea Daktari Mwalongo karatasi ya namba bila kuficha kitu. Alikuwa amehesabu pia. Kanda nzima, wanawake mia mbili na watatu wenye mimba walikuwa kwenye kifungu kile kwa maneno yale. Wote walikuwa wameshauriwa kuhusu michezo. Thelathini na mmoja kati yao walikuwa hawajafika wiki ya ishirini na sita.

Mwalongo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na tano aliyefanya kazi ya watu sita, na kila jambo jipya alilipokea kama mtu anayeongezewa gunia. Alisema watapeleka taarifa kwenye kamati ya makao makuu. Agripina akasema kamati inakaa Septemba, na ifikapo Septemba hao thelathini na mmoja watakuwa wamekwisha pita. Basi, akasema daktari, tubandike tangazo, wajawazito wafundishwe kusema sawasawa. Aliandika palepale: Mama, usiseme mtoto hachezi. Sema: mjongeo wa kijusi umepungua.

Agripina alilijaribu Sikio kwa sauti yake mwenyewe. Mtoto hachezi, akasema, likamwahidi ushauri. Mjongeo wa kijusi umepungua, akasema, na taa nyekundu ikawaka, muuguzi akaja mbio kutoka wodi ya pili. Agripina alimwomba radhi. Tangu azaliwe watu walikuwa wanamnyoosha ili atoshe kwenye viti vyao, na sasa wamepata mashine iliyokakamaa kuliko yeye, na wanaotakiwa kukunjwa ni kina mama.

"Tangazo litabandikwa kwenye ukuta wetu," alisema. "Hao wengine wako vituo kumi na tisa. Mimi nina njia. Ushauri wa mafungu tunauandika sisi wakaguzi. Ninaweza kubadilisha ule wa mpira, ukawafikia wote leo."

"Wote," Mwalongo alisema. "Ushauri unakwenda kwa fungu, hauchagui. Kwa hao thelathini na mmoja utakuwa umeleta mkanda. Na hao mia moja sabini na wawili waliochelewa? Utawaambia nini? Kwamba walisema mapema, kwamba dawa ilikuwepo kabatini, na sisi tuliwapelekea mpira?"

Daktari aliendelea kwa sauti ya chini, akimkumbusha kwamba agizo la tiba kwenye safu ya ushauri ni kosa la kufutiwa cheti, halina rufaa. Lakini hilo halikuwa neno lililomshika. Lililomshika ni hao mia moja sabini na wawili. Alimfikiria mama yake, aliyeingia kaburini akiwa bado anakumbuka mtaro aliouruka akiwa na mimba yake, na samaki fulani aliyemla. Kama mtu angemjia akamwambia, halikuwa jambo lako, ni sisi tulikosea, ingemwondolea mzigo au ingemwongezea? Miaka thelathini na nne Agripina alikuwa mtoto wa mama huyo, na hakujua. Ilimkera kwamba hakujua.

Kitu kimoja tu alikijua. Mkono wake wa kushoto ulivunjika siku aliyozaliwa. Mkunga alidhani umenasa, akauvuta, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba mtoto huyo hakunjiki.

* * *

Oresta alikuwa bado kwenye benchi la nje, upande wa jua, akisubiri mume wake aje na pikipiki. Agripina alitembea kwa kuyumba, kama anavyotembea siku zote, akaegemea ukuta kando yake. Kukaa kwenye benchi fupi kulikuwa safari ndefu kwake, na kunyanyuka hapo kulihitaji mtu wa pili.

Oresta aliuliza maswali ambayo hakuyauliza mbele ya daktari. Je, inaua? Agripina akasema kwa wengi haiui. Je, mtoto atakuwa na akili timamu? Agripina akamuuliza kama yeye anaonekana hana. Ilimtoka kwa ukali kuliko alivyokusudia.

"Kwa hiyo atakuwa kama wewe," Oresta alisema. Hakuwa anauliza.

Hapo ndipo Agripina alipokasirika kweli, na hakuwa na pa kuipeleka hasira hiyo. Alikuwa anapika kwa miguu, anasoma, ana nyumba yenye bati jipya, na bado angekuwa siku zote kile kitu ambacho mama mwingine anaomba kisimtokee. Alitaka kusema hivyo. Lakini alikuwa amekuja kusema kitu kingine, na kama angeanza na hilo asingefika kwenye hili.

Alisema yote. Alieleza mkanda ni nini, na kwamba wiki ya ishirini na moja ungefaa, na wiki ya ishirini na mbili, na kwamba leo haufai. Alieleza kwamba Sikio halikukosea lenyewe, lilifundishwa, na aliyelifundisha sentensi ile ni yeye aliyesimama hapo.

Ndani ya wodi mtoto wa mtu alikuwa analia.

"Ulidhani hachezi nini?"

"Nilidhani ni mtoto amekaa mkekani. Kama mimi."

"Ungeniuliza. Mwanamke yeyote ungemuuliza, angekuambia."

"Hakuna mwanamke aliyewahi kuniambia," Agripina alisema.

Labda Oresta alikumbuka foleni ya maji, labda hakukumbuka. Agripina, ambaye sasa hakuwa na aibu tena kwa kuwa ilikwisha kumwagika yote, akamuuliza alichokuja kuuliza. Kuna wengine mia moja sabini na mmoja kama wewe. Ingekuwa heri nisingekuambia?

Oresta alinyanyuka. Alichukua muda kunyanyuka, mkono mmoja kiunoni, na alipomaliza alikuwa amewiva usoni.

"Sasa unataka nikusaidie na hilo pia," alisema. "Umemkosesha mwanangu mikono, halafu uje unitwike na shida zako."

Alianza kuondoka kuelekea getini, ingawa pikipiki ilikuwa haijafika. Hatua kumi hivi, akasimama. Alizungumza bila kugeuka, na Agripina ilibidi akaze masikio.

"Nilibeba viazi," Oresta alisema. "Mwezi wa nne, magunia matatu, kutoka shambani hadi barabarani. Wiki saba nimekuwa nikijiuliza ni gunia lipi. Usiku namuuliza yeye. Namwambia nionyeshe tu ni lipi." Alipangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Kumbe hakuna gunia."

Kisha akaenda.

* * *

Ushauri wa mpira ulikuwa wa mistari minne. Agripina aliufuta wote. Ilimchukua hadi saa tisa alasiri kuandika mwingine, kwa kuwa kila alipoandika sentensi nzuri aliona inafanana na za Sikio, akaifuta. Mwishoni aliandika kama anavyozungumza.

Mama, kama mtoto asiyecheza yuko tumboni, ulisema sawa, ni sisi tuliosikia vibaya. Hukusababisha wewe, si kazi uliyofanya wala chakula ulichokula. Nenda kituoni leo. Lipigie Sikio sasa, useme hivi: mjongeo wa kijusi umepungua. Kama hujafika wiki ya ishirini na sita, omba mkanda. Kama umepita, mkanda haukufai tena, na kosa hilo ni letu. Nenda hata hivyo, umwambie mkunga asimvute mtoto mikono wala miguu, kwa kuwa mifupa yake ni myembamba. Aliyeiweka sentensi yako mahali pasipo pake ni mimi, Agripina Mhema, Kilolelo.

Alitazama kifungu cha waliochelewa. Alijua baadhi yao wangelia leo kwa sababu yake, na hakuna aliyemwomba awalize. Alijua pia kwamba mama yake hangeweza kuulizwa tena. Alikanyaga kitufe kwa kidole gumba.

Sikio lilimjibu baada ya muda mfupi kwa sauti yake ya upole. Lilimshukuru kwa utumishi wake wa miaka sita. Lilimjulisha kwamba ushauri umetumwa, kwamba una agizo la tiba, na kwamba cheti chake kimefutwa kuanzia dakika hiyo. Liliuliza kama angependa ushauri wa kukabiliana na kupoteza kazi.

Alipokuwa anajaribu kuvaa viatu, taa nyekundu iliwaka. Sauti ilitoka kwenye spika, ya mwanamke wa kituo fulani cha mbali, mwenye lafudhi ya milimani, akisoma kama mtoto wa shule anayesoma mbele ya darasa.

"Mjo... mjongeo wa kijusi umepungua," alisema. Halafu, kwa kuwa hakuamini kwamba mtu anaweza kuelewa maneno kama hayo, akaongeza, "Yaani hachezi, mama. Hachezi."

Wiki ya ishirini na mbili, kioo kiliandika. Taa ikawaka tena kabla ya ile ya kwanza kuzimika. Mwalongo alitokea mlangoni akiwa na glavu mikononi, akatazama taa, akamtazama yeye. Alifungua kinywa kama mtu atakayefoka. Kisha akaenda kwenye simu ya mezani, akaanza kuviita vituo kimoja kimoja, akiuliza wana mikanda mingapi kabatini.

* * *

Wiki mbili baadaye Agripina alirudi kituoni kuchukua kiti chake kirefu. Mwalongo alikuwa ameandika barua tatu za kumtetea, na zote zilijibiwa na Sikio. Kati ya wale thelathini na mmoja, kumi na tisa walikuwa wamevaa mikanda. Wengine hawakupatikana, au waume zao walikataa, au walidhani ni matapeli. Mikanda yenyewe haikuwafaa wote. Kuhusu waliochelewa, barua zilikuwa nyingi, na si zote alizoweza kuzisoma hadi mwisho. Mmoja alikuwa ameandika mstari mmoja tu, kwamba bora angebaki na mpira.

Alikuwa anamsubiri seremala wakati Oresta alipoingia. Safari hii alisema kamwene, kwa sababu mtu hawezi kuikwepa salamu mara mbili, na Agripina akaitikia. Tumbo lilikuwa limeongezeka. Alisema amepangiwa hospitali ya rufaa, kwamba mkunga ameshaelezwa kuhusu mikono. Aliyasema hayo kama mtu anayesoma risiti.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Nimekuja kuchukua mpira wangu."

Mpira ulikuwa bado chini ya kabati la mikanda, umeshika vumbi. Walitazamana. Oresta na tumbo lile asingeweza kuinama, na Agripina hakuwahi kuinama maishani. Mwishowe Agripina aliegemea kabati, akaingiza mguu wake mgumu chini yake, akapekua hadi akaugusa, akausukuma. Ulitoka upande usiotarajiwa, ukagonga mguu wa kiti, ukabingirika hadi miguuni kwa Oresta.

Oresta aliusimamisha kwa unyayo. Aliutazama, akamtazama Agripina, na hasira yake ilikuwa palepale, haijakwenda popote. Akaurudisha.

Agripina hakuwa amejiandaa. Ulimpita.

"Ukae vizuri," Oresta alisema. "Utamfundishaje huyu wangu, kama wewe mwenyewe hujui?"